Daktari Aliyekuwa Saba

Mtaani kwetu Mountain View kuna maprofesa wawili, wachungaji wanne na mwanamke mmoja aliyeitwa Daktari. Maprofesa na wachungaji tunawataja kwa majina ili tusiwachanganye. Yeye hakuhitaji jina. Ukimwuliza bawabu wa geti kuu Daktari anakaa wapi, hakupeleki kwa yule wa meno wala kwa yule wa ng'ombe. Anakuonyesha nyumba ya vigae vyekundu iliyo mwisho wa barabara ya pili. Wagonjwa kadhaa walifika huko kwa makosa. Mama mmoja alitoka Kangemi na mtoto mwenye kikohozi mgongoni, akaambiwa mlangoni, "Mama, mimi ni daktari wa maini ya mbuzi." Kisha Daktari akavaa viatu, akawasha gari na kuwapeleka hospitali mwenyewe.

Jina lake sitaliandika. Limekwisha kuandikwa vya kutosha, na nitaeleza lilivyoandikwa na lilivyomponza. Alizaliwa wapi na wazazi wake ni nani pia nawaachia ndugu zake.

Mimi mwenyewe ni lazima nijieleze kidogo, kwa sababu nimo ndani ya jambo hili hadi shingoni. Nimezaliwa Kangemi katika chumba kimoja cha mabati. Nilikwenda Uarabuni kufagia sakafu za hospitali, na nilipoondoka miaka kumi na mmoja baadaye nilikuwa nasimamia rafu za maktaba ya hospitali ile ile. Katikati ya hapo nilisomea diploma ya ukutubi kwa jasho langu, bila mjomba wala mbunge. Nimerudi, nimejenga nyumba ya ghorofa upande wa pili wa barabara kuu ya Waiyaki Way, mahali ambapo mama yangu alikuwa akifua nguo za watu. Nina ofisi mjini, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Digrii sina. Lakini wenye digrii tatu hupanda ngazi hizo wakihema ili niwapangie marejeo ya vitabu vyao na kuwahesabia makala zao zimetajwa na nani na mara ngapi. Kazi hiyo naijua kuliko mtu yeyote niliyekutana naye katika jiji hili.

Daktari aliniita Diploma. "Diploma, umeamkaje?" Mwanzoni nilidhani ananidharau. Baadaye niligundua kwamba katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyewahi kuniomba nimwonyeshe cheti chenyewe. Alikisoma chote, hata muhuri, akasema, "Hii umeitafuta."

Alikuwa na swali moja ambalo lilitutesa sote: "Umeona au umeambiwa?" Katika mkutano wa wakazi mweka hazina alitangaza kwamba pampu ya kisima imeungua. Daktari aliinua mkono. "Umeona au umeambiwa?" Mweka hazina akajikuna kichwa, akasema aliambiwa na fundi. Daktari akatoka na viatu vyake vya kanisani, akashuka hadi kisimani, akarudi na matope kwenye visigino. "Swichi ilikuwa imezimwa," akasema, akakaa. Mkutano uliendelea, lakini mweka hazina hakumsalimia hadi Pasaka.

Jikoni kwake kila chombo kilikuwa na kipande cha utepe mweupe kilichoandikwa kwa kalamu nyeusi: kitu gani, kimefunguliwa lini. Mke wangu, Mama Ciku, aliwahi kuomba chumvi, akarudi nayo kwenye kikopo chenye maandishi, "Chumvi. Jumatano asubuhi." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Lakini kikopo hicho Mama Ciku hakukitupa, na sasa naye ameanza kuandika.

Somo lake lilikuwa ukungu wa mahindi. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo una sumu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Yeye alitafuta vimeng'enya, yaani zile chembe za mwilini zinazoivunja sumu, na alitaka kujua kwa nini mbuzi mmoja hufa na mwenzake aliyekula gunia lile lile husimama. Kwa hiyo kila Alhamisi alfajiri alivaa gambuti, akachukua sanduku la barafu na kwenda machinjioni Dagoretti. Huko alikuwa na rafiki, mzee mchinjaji kutoka Pwani, mtu wa kofia na maneno mengi. Niliwasikia siku moja nilipokwenda kununua nyama ya sherehe.

"Daktari, leo nina ini limenona, si mchezo."

"La kunona wauzie kina Diploma. Mimi nipe lililougua."

"Yallah! Wateja wangu wote wangekuwa kama wewe, ningejenga ghorofa."

"Diploma amejenga. Muulize alikuwa akila nini."

Mzee huyo aliwekwa kwenye makala. Simaanishi kushukuriwa mwishoni kwa herufi ndogo. Jina lake lilikaa juu kabisa, miongoni mwa waandishi, kwa sababu ndiye aliyetambua kwa jicho maini yaliyougua kabla mashine haijathibitisha. Mwenyekiti wa idara, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Daktari na sasa ni profesa, alimwuliza inawezekanaje mchinjaji awe mwandishi. Daktari alimjibu kwa kumwuliza kama yeye amewahi kushika kisu.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Kwa unga alikuwa msumbufu. Akialikwa ugali, ananusa pakiti kwanza mbele ya mwenye nyumba. Lakini pale Kangemi, kando ya barabara, nilimkuta zaidi ya mara moja akitafuna mahindi ya kuchoma yaliyotoka kwenye gunia ambalo hata mimi ningeliuliza maswali.

"Daktari, na ukungu je?"

"Wacha nikule kwanza, nitakufundisha baadaye."

Na kulikuwa na kinyume kingine, kikubwa zaidi, ambacho mimi niliyeishi kwa kuhesabu sikukielewa. Mwanamke huyu alipima vitu hadi sehemu ya elfu ya gramu, lakini hakujua yeye mwenyewe ameandika makala ngapi. Ukimwuliza ametajwa na wangapi, anakutazama kana kwamba umemwuliza ni wangapi wamemwota usiku. "Nikishaandika, si yangu tena," alisema. Nilimwambia huo ni uzembe. Nilisema hivyo kwenye mazishi ya jirani, tukiwa kwenye foleni ya chakula, na watu walisikia.

Ndiyo maana Jumapili moja baada ya ibada aliposimama mlangoni kwangu na bahasha, nilijua amekuja mahali panapostahili.

Barua ilitoka chuoni. Alikuwa amekaribia umri wa kustaafu. Waliofika cheo cha profesa mshiriki waliruhusiwa kuendelea miaka mingine kadhaa. Wasiofika walitoka mwisho wa mwaka. Maombi yake ya cheo yalirudishwa na mstari mmoja: alete ushahidi wa kazi yake kutajwa na wengine, na kipimo kisipungue kumi.

"Mimi cheo sikitaki," akaniambia. "Ningekitaka ningekitafuta nikiwa na magoti mazuri. Nataka friza."

Friza hiyo ilikaa maabara kwake, kubwa kama kabati la nguo, yenye baridi ambayo friji ya nyumbani haiwezi kuota. Ndani yake mlikuwa na vipande vya maini ya mbuzi wa msimu mmoja mbaya, mahindi yalipooza kwenye maghala na wafugaji wakawapa mifugo. Msimu ule haujarudi kwa namna ile, na Mungu asiurudishe. Maini yale yalikuwa mia tatu na kitu, kila moja na utepe wake mweupe. Alikuwa amemaliza nusu tu. Akitoka chuoni, maabara inapewa mtu mwingine na friza inazimwa.

Jumatatu nilimpandisha ngazi hadi ofisini kwangu. Nilimpa kiti changu, kile cha kuzunguka, nikafungua kompyuta na kumweleza kipimo chenyewe. Hakihesabu makala tu, wala hakihesabu kutajwa tu. Ukiwa na makala tano ambazo kila moja imetajwa na wengine mara tano au zaidi, wewe ni tano. Ukitaka kuwa sita, unahitaji sita zilizotajwa mara sita. Makala moja ikitajwa mara elfu, na nyingine zote zimelala, wewe ni moja tu.

"Na mimi?"

Nikabonyeza. "Wewe ni saba."

"Haiya! Ati saba? Hata kiatu changu ni saba."

Alicheka, lakini alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Mimi niliona kitu kingine. Ile makala yake ya kwanza ya maini, ambayo wanafunzi hunukuu kila siku mbele yangu, haikuwamo kwenye orodha. Nikaitafuta kwa kichwa chake. Ilikuwepo, imetajwa mara nyingi kuliko zote za kwenye orodha zikijumlishwa. Lakini mwandishi wake alikuwa mtu mwingine.

Au tuseme alikuwa yeye, amegeuzwa. Sisi tuliosoma shule za hapa tuliandikwa kwenye rejista jina la baba likitangulia, la ubatizo likiwa mwisho. Fomu za serikali nazo zilitaka hivyo hivyo. Alipotuma makala yake ya kwanza ng'ambo aliandika jina lake kama alivyoitwa darasani. Mhariri wa huko aliona neno la mwisho akalichukua kuwa ndilo la ukoo, yale mengine mawili akayafupisha kuwa herufi. Hivyo ndani ya kompyuta kulikuwa na mwanamke ambaye ukoo wake ni jina la ubatizo, mwenye makala tatu tu maishani, zote za miaka ya mwanzo, zote maarufu, kisha akanyamaza.

Daktari aliinama hadi pua ikakaribia skrini. "Kumbe nina wajina."

Kwenye kipimo hiki saba na tatu si lazima ziwe kumi. Nilihesabu mara nne, makala kwa makala. Zilikuwa kumi, wala hazikuzidi hata nukta.

"Daktari," nikamwambia, "hii ni kazi ya dakika ishirini."

Maneno hayo ningetoa chumba kizima cha nyumba yangu niyarudishe kinywani.

Niliwaandikia wenye jarida. Jarida lilikuwa limeuzwa kwa kampuni nyingine, na barua ya mashine ilinijibu kwamba ombi langu limepokelewa na lina namba. Nikaandika tena, nikapewa namba nyingine. Mhariri wa zamani alikuwa amefariki. Kamati ya vyeo ya chuo ilibakiza siku tisa ikutane. Daktari alinipigia simu akasema tuwaeleze kamati kwa barua ya kawaida, tuambatishe makala zote tatu na cheti cha ubatizo. Nilimwambia atulie, haya mambo mimi nimeyafanyia wenye vyeo.

Kisha nikafungua akaunti kwa jina la yule wajina, nikaweka barua pepe ya ofisi yangu, nikadai zile makala tatu. Kwa kompyuta hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, nikaingia kwenye ukurasa wa Daktari na kuomba kurasa zote mbili ziunganishwe. Nilijiona fundi. Mtandao uliona kitu kingine: watu wawili wanaodai kazi moja kutoka chumba kimoja. Ulifunga kurasa zote mbili kwa ukaguzi.

Nilikaa mbele ya skrini hadi chai ikafanya utando. Nilitafuta jina lake kwa kila njia ninayoijua. Hakuna mwandishi. Alikuwa saba asubuhi, na kufikia saa nane mchana hakuwa hata moja.

Nilikwenda kwake kwa miguu, nikamkuta getini.

"Daktari, nimeharibu."

"Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona."

Alifungua geti. "Basi ingia tunywe chai, halafu unieleze polepole."

Hakunipigia kelele. Ningeshukuru kama angenipigia. Alichukua daftari akaandika kila nilichobonyeza na saa niliyobonyeza, kama anavyoandika jaribio lililokwenda vibaya, na kila nilipojaribu kujitetea alisema, "Hiyo weka kando. Baada ya hapo ulifanya nini?"

Siku mbili kabla ya kamati nilivaa suti niliyorudi nayo kutoka ng'ambo, nikaenda chuoni na karatasi nilizochapisha. Mwenyekiti wa idara alinipokea vizuri.

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mtaalamu wake wa taarifa."

"Umesomea wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia ni diploma. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alipanga karatasi zangu vizuri, akanirudishia.

"Mzee wangu, sikiza. Mimi hizi makala nazijua. Hii ya pili, mimi ndiye nilikuwa naosha vyombo. Huyo mama ndiye amenifundisha kushika tyubu. Lakini kamati haisomi kile najua. Siku hiyo watafungua skrini, wataandika jina, watasoma kile kiko."

"Na hakuna kitu."

"Si ndiyo hiyo. Na mimi nikisimama niseme nawajua wote wawili ni mtu mmoja, wataniuliza, huyo ni mwalimu wako?"

"Utasema nini?"

"Nitasema ndiyo." Akavua miwani. "Na hapo nitatolewa nje kwa sababu nina upande."

Alitolewa kweli. Kamati ilifungua skrini ikasoma kilichokuwepo. Barua iliyokuja ilikuwa ya heshima, ikisema anaweza kuomba tena mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata hakuwa mfanyakazi wao tena.

Kuhusu friza nilijaribu yote. Nilipima sebule yangu, nikasema iletwe kwangu. Daktari aliniuliza stima ya mtaa hupotea mara ngapi kwa wiki, nikakunja futi ya kupimia. Nilipiga simu kwa taasisi tano. Tatu zilisema ziandikiwe barua, mbili zilisema nafasi hakuna. Kwa desturi yangu kila mlango una mtu anayemjua mtu. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi nilipiga simu zote za kwenye kitabu changu na hakuna hata mmoja aliyenisaidia. Asubuhi moja ya Desemba vijana wa usafi walileta toroli kupeleka maini kuchomwa. Daktari alisimama na daftari lake la orodha, na kila mfuko ulipotoka aliweka alama. Hakuruka hata mmoja. Mimi nilishika mlango usijifunge. Ndiyo kazi niliyoweza.

Miezi ilipita. Ukaguzi uliisha, kurasa zikafunguliwa, lakini hazikuunganishwa. Daktari akarudi saba. Wajina akarudi na tatu zake, na hesabu yake ya kutajwa ikaendelea kupanda kila mwezi. Tulipokutana barabarani Daktari aliuliza, "Wajina anaendeleaje?" Nikamwambia anaendelea vizuri. "Msalimie," alisema, akaenda zake. Mama Ciku alinikataza kumwangalia wajina huyo kwenye skrini kila Jumatatu, akasema nitapata presha. Niliendelea kumwangalia.

Halafu asubuhi moja ujumbe ukaingia kwenye barua pepe ya ofisi, ile niliyoiweka kwenye akaunti ya wajina. Umeandikwa na mtafiti kijana wa Amerika Kusini, kwa Kiingereza cha kujitahidi. Alisema huko kwao ukungu umeingia maghalani, mifugo inakufa, na ini la wale wanaobaki hai halifanani na chochote kilichoandikwa isipokuwa makala moja, ile ya kwanza ya maini. Alikuwa amemtafuta mwandishi wake kwa muda mrefu. Aliomba kujua jambo moja tu: je, yale maini ya msimu ule, kuna lililobaki? Hata kipande.

Niliuchapisha. Niliacha wateja wawili wamekaa kwenye benchi, nikashuka ngazi na kwenda moja kwa moja hadi mtaani. Daktari alikuwa verandani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilimpa karatasi nikabaki nimesimama.

Aliisoma mara mbili. Mara ya pili alifuata mistari kwa kidole.

"Amefika mbali kwenye kufikiri, huyu mtoto," akasema. "Amekosea hapa kidogo, lakini amefika mbali." Kisha, "Alimwandikia nani?"

"Wewe, Daktari."

"Hapana. Amemwandikia huyu." Akagusa jina pale juu. "Umemjibu?"

"Nilishindwa. Nilianza mara tatu."

Aliweka ungo chini. Nilifikiri atalia, nikawa natafuta mahali pa kutazama. Alipangusa mikono kwenye leso yake.

"Chukua kalamu, Diploma. Andika: Mpendwa mwenzangu. Maini hayapo. Yalichomwa mwezi wa kumi na mbili."

"Niandike kwa nini yalichomwa?"

"Usiandike. Haitamsaidia. Andika: daftari zote ninazo. Kila ini nililopima nimeandika uzito, rangi, mnyama alikula nini na kwa siku ngapi. Yale ambayo sikuwahi kuyapima, nina maelezo yake tu. Uliza chochote, nitanakili kwa mkono na kukutumia." Akainua kidole. "Na umwambie asipime yaliyonona. Atafute mtu machinjioni mwenye jicho, amsikilize, na amwandike jina."

Niliandika yote. Niliandika polepole kwa herufi za shule, mimi ambaye nimewaandikia mabalozi. Nilifika chini ya ukurasa nikasimama.

"Niweke jina gani?"

Aliinua ungo, akatoa jiwe moja. Upande wa pili wa ua honi zilikuwa zikipigana Waiyaki Way.

"Weka hilo alilolitafuta," akasema. "Akitumia langu hatanipata."

Nikaliandika vile jarida lilivyoliandika. Akaniomba karatasi, akakagua herufi moja moja, akanirudishia, na kuniambia nitume upesi kabla stima haijapotea.